Kilainishi cha Mnyororo wa Pikipiki: Istilahi na Maana Zake

Mwendesha pikipiki akiambiwa na fundi, "Tia mafuta kwenye mnyororo," ameelezwa jambo la kweli, lakini hakuelezwa la kutosha. Mafuta ya taa ni mafuta, petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, na hata yale yakaangiayo maandazi ni mafuta. Baadhi ya hayo huulainisha mnyororo, baadhi huuosha, na baadhi huuharibu. Neno ni moja, na kazi ni tatu zinazopingana.

Katika makala haya tutachunguza istilahi zihusuzo vilainishi vya mnyororo wa pikipiki, na tutajaribu kuonyesha kwamba mtu asiye na jina la kila kilainishi hana pia njia ya kukichagua kilicho bora. Mifano yetu tumeichukua Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika wilaya hizo pikipiki ni chombo cha riziki. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni za pikipiki zinazobeba abiria kwa malipo, vijana wengi wamejiajiri katika kazi hiyo, na pikipiki hizo hizo hubeba magunia ya korosho kwenda ghalani, madumu ya maji, na wagonjwa waendao zahanati. Ya pili ni hali ya ardhi. Mji wa Masasi uko chini, katikati ya vilima vya mawe, na Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Atokaye Masasi kwenda Newala hana budi kuupanda ukingo huo, na akiiacha barabara kuu na kuingia njia za mashambani, hukutana na kichanga. Mnyororo unaopanda mlima na mzigo, kisha ukapita mchangani, hujaribiwa kuliko mnyororo wa mjini. Ukikatika mtelemkoni waweza kujisokota na kulifunga gurudumu la nyuma, na hapo roho za watu wawili au watatu huwa hatarini.

Mnyororo na sehemu zake

Kiswahili hakina upungufu wa majina ya kitu kilichoungwa pete kwa pete. Tunalo neno mnyororo, tunalo mkufu kwa pambo la shingoni, na tunalo silisila kwa mambo au vizazi vinavyofuatana. Mafundi wa pikipiki aghalabu husema "cheni". Sisi tunaona kuwa mnyororo litumike katika maandishi, na cheni likubaliwe kuwa kisawe chake katika mazungumzo, kwa kuwa halimpotezi yeyote.

Palipo na haja kubwa zaidi ya majina ni ndani ya mnyororo wenyewe. Mnyororo unaotumika katika baiskeli na pikipiki umetokana na ule aliouvumbua Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Muundo wake ni huu: mabamba mawili ya nje huunganishwa kwa pini, mabamba mawili ya ndani huunganishwa kwa bushi, yaani kibomba kifupi cha chuma, pini hupita ndani ya bushi, na juu ya bushi huzunguka rola, ambayo ndiyo inayokaa katika meno ya gurudumu la meno, liitwalo na mafundi sproketi.

Tunawaomba wasomaji waiangalie picha hiyo kwa makini, maana hoja yetu yote imejengwa juu yake. Kila mnyororo unapopinda kuingia katika sproketi, pini hujizungusha kidogo ndani ya bushi. Msuguano mkubwa uko hapo, katika uwazi mwembamba usioonekana kwa macho. Hivyo kilainishi kinachobaki juu ya mabamba, hata kikiwa kingi cha kung'aa, huukinga mnyororo na kutu tu; kazi ya kulainisha bado hakijaifanya.

Kuvutika au kulika?

Mnyororo uliokwisha kazi huwa mrefu kuliko ulivyotoka dukani. Watu husema "cheni imevutika", kana kwamba chuma kimenyooshwa kama mpira. Usemi huo unaeleweka, lakini unaficha chanzo. Mabamba ya chuma hayavutiki kwa kadiri hiyo. Kilichotokea ni kwamba pini na bushi zimesagana, na kila kiungo kimepata nafasi kidogo ambayo hakikuwa nayo.

Hesabu yake ni rahisi. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia mnyororo wa namba 428. Tarakimu ya kwanza, 4, ni idadi ya sehemu za nane za inchi kutoka pini moja hadi nyingine, yaani nusu inchi, au milimita 12.7. Tarakimu mbili zinazofuata huonyesha upana wa ndani. Tuchukue mnyororo wenye pingili 120. Ikiwa kila kiungo kimelika kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, mnyororo mzima utakuwa umerefuka kwa milimita 12, karibu pingili nzima. Hapo hautakaa tena sawasawa katika meno; utapanda juu yake, uyale, na mwisho uruke.

Kwa hiyo tunapendekeza kusemwe kwamba mnyororo umelika, na kwamba kurefuka ni matokeo ya kulika. Tofauti hii ina faida yake. Anayeamini kwamba mnyororo umevutika ataulaumu mzigo na ataukaza tu. Anayejua kwamba umelika atauliza ni kitu gani kimeusaga, na swali hilo litamfikisha kwenye mchanga na kwenye kilainishi.

Kwa nini kilainishi?

Kwa dhana ya jumla ya kitu kinachopunguza msuguano baina ya vyuma viwili, neno kilainishi, wingi vilainishi, limekwisha kuenea katika maandishi ya serikali yahusuyo biashara ya mafuta ya petroli na bidhaa zake. Umbo lake halina kasoro. Limeundwa kwa kitenzi lainisha, kiambishi ki- na kiishio -i, kama kirutubishi, kiyoyozi na kikokotozi. Mtu angeweza kuteta kwamba kilainisho lingefaa pia, kwa mfano wa kizibo na kifuniko. Ni kweli, lakini istilahi iliyokwisha kuzoeleka na isiyo na kosa haifai kuvunjwa kwa sababu ya ladha.

Kuna hoja nyingine yenye uzito zaidi. Kulainisha, katika maana yake ya kawaida, ni kufanya kitu kiwe laini, kama ngozi au unga. Pini ya mnyororo haitakiwi kuwa laini hata kidogo. Ugumu wake ndio uhai wake. Je, neno halipotoshi? Sisi twaona halipotoshi, kwa kuwa Kiswahili hulitumia pia kwa kuondoa ukinzani, kama tusemapo kuwa mtu amelainisha maneno au mazungumzo. Lakini inafaa walimu na mafundi walieleze hivyo: kilainishi cha mnyororo hulainisha mwendo, si chuma. Asiyeelezwa atadhani kwamba kilicho laini zaidi mkononi, yaani grisi, ndicho bora zaidi.

Mafuta, oili, grisi na nta

Neno mafuta tunaliachia upana wake. Ni neno la kundi kubwa, na ndani ya kundi hilo wamo hata wapinzani wa kilainishi. Mfano mzuri uko Newala kwenyewe. Maganda ya korosho yana mafuta mazito yanayounguza ngozi, na viwandani mafuta hayo hutumiwa katika kutengeneza vifaa vya breki, yaani mahali ambapo msuguano hutafutwa. Kuwa mafuta, basi, si dhamana ya kulainisha.

Oili ni kilainishi cha majimaji. Sifa yake inayotuhusu hapa ni mnato, yaani kiasi ambacho kimiminika hukataa kutiririka. Oili yenye mnato mdogo hupenya upesi hadi kwenye pini, lakini pia hurushwa upesi mnyororo uendapo mbio. Yenye mnato mkubwa hukaa zaidi, lakini huchelewa kupenya.

Grisi, ambayo wengine huiita girisi, ni oili iliyoshikwa katika sabuni maalumu hata ikawa nzito. Kwa beringi iliyofungwa hiyo ndiyo mahali pake. Ikipakwa juu ya mnyororo ulio wazi, haipenyi; hubaki nje, ikanasa kila chembe ya mchanga. Mchanganyiko wa grisi na mchanga ni sawa na dawa anayotumia fundi kusugulia vali za injini ili zikae vizuri. Pale kusaga kunatakiwa. Katika mnyororo ni hasara. Waingereza wa zamani walilijua jambo hili. Waliuvua mnyororo, wakauosha, kisha wakauchovya katika grisi iliyoyeyushwa kwa moto na kutiwa grafiti, ile maada nyeusi iliyomo katika penseli, ili ipenye hadi ndani. Walipoutoa waliifuta ile ya nje.

Nta ni kilainishi kinachopakwa kikiwa majimaji, kisha kiyeyushi chake hupotea hewani na kuacha utando mkavu. Aghalabu huuzwa katika makopo ya kupuliza. Kwa kuwa utando ni mkavu, hunasa mchanga kidogo. Lakini mvua kubwa huuondoa, na bei yake huwa juu kuliko oili ya kupimiwa kwa chupa.

Mbali na vilainishi hivyo kuna visafishi: mafuta ya taa, dizeli na petroli. Kazi ya kisafishi ni kuyeyusha uchafu wa mafuta. Mnyororo uliooshwa kwa mafuta ya taa ukaachwa hivyo hivyo utatulia kelele kwa muda mfupi, na mwendeshaji atadhani umelainika, kumbe hata kilainishi kilichokuwamo kimetolewa. Petroli isitumike kabisa, kwa ajili ya hatari ya moto, na kwa kuwa huharibu pete za mpira zinazowekwa katika baadhi ya minyororo ili kufungia grisi ndani.

Namba za oili

Madukani oili huitwa kwa namba: oili namba 40, oili namba 90. Namba hizo zimetokana na utaratibu wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, ambacho kilianza kupanga oili za injini kwa mnato mwaka 1911. Wengi hudhani kwamba namba 90 ni nzito mara mbili na zaidi kuliko namba 40. Sivyo. Namba 40 ni ya kipimo cha oili za injini, na namba 90 ni ya kipimo cha oili za gia, na vipimo hivyo ni viwili mbalimbali. Oili ya gia namba 90, ikiwa katika joto la nyuzi 100 za Selsiasi, ina mnato unaokaribiana na ule wa oili ya injini namba 40 au 50.

Kwa hiyo haitoshi kusema "oili namba 90". Tuseme "oili ya gia namba 90". Neno gia si la kujazia sentensi. Huonyesha kipimo, na huonyesha pia viambato. Oili ya gia huwa na viambato, aghalabu vya salfa na fosforasi, vinavyokinga chuma chini ya mgandamizo mkubwa. Mkulima wa korosho analijua jina salfa kwa sababu ya unga anaoupuliza mikoroshoni kukinga ugonjwa wa ubwiriunga. Hapana budi kumweleza kwamba unga huo haulainishi kitu. Ukiangukia mnyororo ni vumbi kama vumbi jingine. Vitabu vingi vya maelekezo ya pikipiki hushauri oili ya gia namba 80 au 90 kwa mnyororo, kwa kuwa hupenya na hukaa kwa kiasi cha kufaa.

Oili chafu

Hapa tunafikia kilainishi kinachotumika sana: oili iliyomwagwa kutoka injini. Mafundi huiita "oili chafu", na jina hilo ni sahihi kabisa. Ina masizi, ina chembe za chuma kilicholika injini, na ina asidi zilizotokana na mwako. Vitu hivyo ndivyo vilivyofanya oili hiyo iondolewe injini. Kukitoa kitu mahali kinapoharibu na kukipeleka mahali pengine kikaharibu huko si kuweka akiba.

Watu wameizoea kwa sababu huipaka kwenye nguzo za nyumba kuzuia mchwa, nayo husaidia. Lakini kuhifadhi mti na kulainisha pini ni kazi mbili. Aidha, oili hiyo ikigusa ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu hudhuru afya, nayo ikimwagwa ardhini huchafua udongo na maji. Baadhi ya watu hutumia maneno "oili iliyotumika". Kwa istilahi za biashara na mazingira maneno hayo yana nafasi yake. Lakini katika maelekezo kwa mwendeshaji sisi tunapendelea jina la mafundi, kwa sababu huonya.

Kuteua kwa kufuata mahali na majira

Baada ya kuyatenganisha majina, uteuzi wenyewe huwa mwepesi. Maswali ni matatu: je, kitu hiki kitapenya? Kitakaa? Kitanasa mchanga?

Kwa anayezunguka Masasi mjini, katika lami, oili ya gia au kilainishi cha kupuliza vyote vinafaa. Lililo kubwa ni kitakaa kwa muda gani. Kwa anayefanya kazi Newala katika njia za kichanga wakati wa kiangazi, swali la tatu hutangulia. Naye atumie nta ikiwa anaimudu. Ikiwa haimudu, oili ya gia kidogo, mara nyingi, na ifutwe. Majira ya mvua, ambayo kwa kawaida huendelea hadi Aprili, swali la pili hurudi mbele, maana maji huosha vilainishi vyote, na nta huondoka mapema. Grisi ya kupaka nje na oili chafu hazifai popote.

Namna ya kutia ina uzito sawa na kitu kinachotiwa. Mnyororo upigwe brashi na kufutwa kwanza. Oili itiwe injini ikiwa imezimwa, baada ya safari mnyororo ukiwa bado vuguvugu, tone kwa tone upande wa ndani wa sehemu ya chini, huku gurudumu la nyuma likizungushwa kwa mkono. Kisha iachwe ipenye, ikiwezekana usiku kucha, na asubuhi kitambaa kifute yote iliyobaki nje. Kilichofutwa hakikupotea, kingebaki kingekuwa gundi ya mchanga. Vitabu vya maelekezo hutaja kazi hii kila baada ya kilomita 500 hadi 1,000, lakini penye vumbi au mvua isingojewe kadiri hiyo. Ulegevu wa mnyororo nao upimwe: kwa pikipiki nyingi za kazi ni kati ya milimita 20 na 30, lakini kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho mwamuzi. Na penye kasha la kufunika mnyororo lisiondolewe, kwani hilo huzuia mchanga kuliko kilainishi chochote.

Mapendekezo

Utaratibu wa kuunda istilahi unatutaka tuanze na Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Katika uwanja huu tumekuta kwamba Kiswahili kinajitosheleza kwa dhana, na kwamba maneno ya kukopa yamebaki kwa majina ya vitu vilivyokuja na majina yao. Tunapendekeza yafuatayo:

Kilainishi: kitu chochote kinachopunguza msuguano baina ya nyuso mbili zinazosuguana.

Oili: kilainishi cha majimaji. Itajwe kwa kazi na namba yake, mfano oili ya gia namba 90.

Grisi: kilainishi kizito, ambacho ni oili iliyoshikwa katika sabuni maalumu.

Nta ya mnyororo: kilainishi kinachoacha utando mkavu.

Kisafishi: kimiminika cha kuondolea uchafu na kilainishi kikuukuu. Si kilainishi.

Oili chafu: oili iliyomwagwa kutoka injini. Isihesabiwe kuwa kilainishi.

Mnato: kiasi ambacho kimiminika hukataa kutiririka.

Kulika: kupungua kwa chuma kwa sababu ya kusuguana. Kurefuka kwa mnyororo ni dalili yake.

Pini, bushi, rola na sproketi yabaki kama yalivyo, kwa kuwa mafundi wameyazoea na hayana maana ya pili ya kuleta utata.

Wako watakaosema kwamba kijana wa bodaboda, ambaye jioni anadaiwa hesabu na mwenye pikipiki, hana nafasi ya kupambanua kilainishi na kisafishi. Sisi tunaona kinyume. Yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya maneno hayo, kwa kuwa mnyororo ukilika mara nyingi ni yeye anayetoa fedha, na ukikatika ni yeye aliye juu yake. Anayekwenda dukani na neno "mafuta" peke yake hupewa chochote. Anayekwenda na maneno "oili ya gia namba 90" hupewa anachokitaka, na muuzaji hana nafasi ya kumdanganya.

Tunawakaribisha mafundi, walimu wa vyuo vya ufundi na wasomaji wengine watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya, hasa wale wa Masasi na Newala, ambao huenda wanayo katika Kimakonde, Kiyao au Kimakua maneno yafaayo zaidi kwa kazi hii kuliko haya tuliyoyataja.